Chupa ni Kiima, Kibandiko ni Kiarifu: Uhakiki wa Vibandiko vya Divai ya Nyumbani

0. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamekwisha kuzoea kuyahesabu maandishi mafupi miongoni mwa mambo yanayostahili kuchunguzwa. Jina la kanga, maneno yaliyopakwa nyuma ya lori, maelezo yaliyoandikwa ndani ya picha za wachoraji wa Lubumbashi: yote hayo yamepata wasomaji wake vyuoni. Liko andiko moja, hata hivyo, ambalo hupitwa bila kutazamwa. Nalo ni kibandiko cha chupa, hasa kile ambacho mtu amekitengeneza kwa mkono wake ili akibandike kwenye divai aliyoichachusha mwenyewe nyumbani.

Makala haya yanakusudia kulihakiki andiko hilo kwa vigezo vilevile vinavyotumiwa kwa matini nyinginezo, yaani maudhui, fani na lugha. Hoja inayotetewa ni hii: kisarufi, kibandiko ni kiarifu ambacho kiima chake ni chupa yenyewe. Hakihitaji neno "hii", kwa sababu kimegusana na kitu kinachotajwa. Karatasi iliyoandikwa "Divai ya nanasi, 2019" ikiwa bado mezani haijasema jambo lolote. Inapobandikwa chupani ndipo inapokuwa sentensi, na sentensi hiyo yaweza kuwa kweli au uongo. Thamani ya kibandiko cha nyumbani hutegemea kwanza ukweli huo, kabla ya uzuri wa picha na ufundi wa herufi.

Kuhusu istilahi, waandishi wengi wa Afrika ya Mashariki husema "lebo", na wasemaji wa Lubumbashi aghalabu husema "etiketi" kwa kufuata Kifaransa. Hapa limeteuliwa neno "kibandiko" kwa kuwa mzizi wake unakumbusha kitendo ambacho bila hicho andiko hili halikamiliki.

1. Chimbuko

Mara nyingi hudhaniwa kwamba kibandiko cha divai ni uzushi wa Ulaya. Ni kweli kwamba karatasi zilizochapwa zilienea huko baada ya Alois Senefelder kubuni uchapaji wa kutumia mawe mwishoni mwa karne ya 18. Kabla ya hapo Waingereza walining'iniza vibao vidogo vya fedha kwa mikufu kwenye shingo za chupa za mezani. Lakini andiko la kale zaidi lenye kazi hiyo hiyo liko Afrika.

Howard Carter alipolivumbua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, kulikuwemo mitungi ya divai iliyozikwa pamoja na mfalme huyo wa karne ya 14 kabla ya Kristo. Mitungi zaidi ya 20 ilikuwa imeandikwa kwa wino, kwa mwandiko wa haraka wa makarani. Maandishi hayo hutaja mambo karibu yale yale: mwaka wa utawala, aina ya divai, shamba ilikotoka na jina la mkuu wa watengenezaji. Hata pale panaposemwa kwamba divai ni tamu, neno hilo laweza kusomwa kama uainishaji, maana mitungi mingine haikuandikwa hivyo. Wanahistoria wameutegemea mwaka wa 9 unaotajwa humo ili kukadiria urefu wa utawala wa mfalme huyo. Karani aliyekusudia tu kumwambia mtunza ghala kilichomo mtungini amewaambia watu wa leo jambo ambalo nyaraka nyingi za fahari hazikulisema.

Mfano huo unatoa kipimo cha uhakiki wote unaofuata. Nini, lini, wapi, nani: maswali manne, majibu manne, bila pambo. Kila kibandiko cha baadaye, cha kiwanda au cha nyumbani, chaweza kuulizwa kama kinayajibu.

2. Maudhui: vibandiko vya aina tatu

Kibandiko cha dukani huandikwa kwa amri. Nchini Marekani onyo la serikali kuhusu afya ni la lazima tangu mwaka 1989. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005, ni lazima itangazwe kwamba divai ina salfiti ikiwa kiasi chake kinazidi miligramu 10 kwa lita. Divai ya nyumbani haibanwi na masharti hayo, maadamu haiuzwi. Sheria ya Marekani humruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 kwa mwaka, yaani lita 378 hivi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, kwa matumizi yao wenyewe. Uingereza pia haidai leseni kwa divai isiyouzwa. Huko desturi hii ilistawi baada ya mgao wa sukari kukoma mwaka 1953, na kitabu cha C.J.J. Berry cha mwaka 1960 kiliwafundisha wengi kuchachusha matunda ya porini, maua na hata mizizi ya bustanini.

Basi mwenye kubandika nyumbani ana uhuru ambao kiwanda hakina. Suala ni hili: aseme nini ikiwa hakuna anayemlazimisha kusema? Majibu yanayoonekana katika vibandiko vya nchi hizo yaweza kugawanywa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni kibandiko cha mwigo. Mwenye nyumba huchora kasri, ngao na taji, huandika "Château" mbele ya jina la ukoo wake, na chini huongeza maneno "mis en bouteille au château". Maneno hayo ya Kifaransa, katika asili yake, si pambo hata kidogo. Yanashuhudia kwamba divai ilitiwa chupani palepale ilipotengenezwa. Mwaka 1924 Philippe de Rothschild aliamua kwamba divai yote ya shamba lake la Mouton itiwe chupani shambani, badala ya kupelekwa kwa mapipa kwa wafanyabiashara wa Bordeaux, na Jean Carlu akachora kibandiko cha mavuno ya mwaka huo. Tangu mwaka 1945, ambapo kibandiko kilibeba herufi V ya ushindi wa vita iliyochorwa na Philippe Jullian, shamba hilo limekuwa likiweka picha ya msanii karibu kila mwaka, akiwemo Braque mwaka 1955, Chagall mwaka 1970 na Picasso mwaka 1973. Lakini chini ya picha hizo ushahidi haukubadilika: jina la shamba, mwaka wa mavuno, mahali pa kutia chupani. Mwigaji huiona picha asiuone ushahidi. Hulichukua vazi na kumwacha mvaaji.

Aina ya pili ni kibandiko cha mzaha. Hapa jiko huitwa ghala la mfalme, mnywaji huonywa kwamba kesho kichwa kitamuuma, na mtengenezaji hujipachika cheo ambacho hakuna aliyempa. Aina hii ina fadhila moja kubwa: haidanganyi, kwa kuwa kila msomaji anajua kwamba anataniwa. Kasoro yake ni ya wakati. Utani huhitaji mtani aliyepo, na divai yaweza kukaa miaka mitatu kabla ya kizibo kung'olewa. Siku hiyo waliocheka huenda wametawanyika, na chupa hubaki na kiarifu kisichomwarifu mtu.

Aina ya tatu ni kibandiko cha ushahidi. Hutaja tunda, mahali lilipochumwa, siku ya kuanza kuchachusha, siku ya kutia chupani na jina la mtengenezaji. Kikitaja nguvu ya kileo, hutaja kilichopimwa. Mtu aliyetumbukiza kipimo chake katika maji ya matunda kabla ya kuchacha na kusoma 1.090, kisha baada ya kuchacha akasoma 0.990, anaweza kuandika asilimia 13 hivi bila haya. Asiyepima na kunakili tarakimu ya chupa ya dukani ametoa ushahidi wa jambo asilolishuhudia. Kosa ni dogo kwa macho, lakini ndilo linaloitenga aina hii na zile mbili nyingine.

Pengine mtu atasema kwamba hukumu hii ni kali mno. Kwamba divai ya nyumbani ni burudani, na burudani haidaiwi ukweli. Pingamizi hilo lina uzito. Hakuna anayedhurika kwa kuona taji lililochorwa kwenye chupa ya jirani. Hata hivyo linasahau kwamba chupa hutolewa zawadi, na zawadi husafiri. Inapofika katika nyumba ya tatu, mwenye kuipokea hana wa kumuuliza ila karatasi. Tena ushahidi haukatazi uzuri. Mtengenezaji aliyechora mti wa tunda lake mwenyewe ametimiza mawili kwa mstari mmoja.

3. Fani: karatasi, wino na gundi

Katika maandishi mengi, mhakiki anaweza kuisahau karatasi. Hapa haiwezekani, kwani matini hii huishi juu ya kioo cha mviringo, katika unyevu na giza, na mara nyingine ndani ya ndoo ya barafu.

Jambo la kwanza ni kipimo. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina mzingo wa sentimita 23 au 24 hivi. Karatasi yenye upana wa sentimita 9 au 10 husomeka yote bila kuigeuza chupa, na ile inayozidi humlazimisha msomaji kuizungusha, hata sentensi ikakatika katikati. Kimo chake nacho hutegemea umbo. Chupa ya aina ya Bordeaux ina bega la juu na kiwiliwili kilichonyooka. Ile ya aina ya Bourgogne bega lake huanza kuteremka mapema, na karatasi ndefu ikifika kwenye mteremko huo hufanya makunyanzi. Kwa hiyo chupa ndiyo inayoamua urefu wa mistari, kama vile mizani inavyouamua urefu wa mshororo.

Jambo la pili ni wino. Wino unaorushwa kwa matone na mashine za kompyuta za nyumbani aghalabu huyeyuka unapoguswa na maji, lakini ule wa unga unaokazwa kwa joto, kama wa mashine za kunakilia, hustahimili. Wino mweusi usioyeyuka na kalamu ya kawaida hutosha kabisa. Hati ya mkono ina faida ambayo mashine haina: yenyewe ni sehemu ya ushahidi, maana hujibu swali la "nani" hata pale jina lilipoachwa.

Jambo la tatu, nalo ndilo kuu, ni gundi. Ikiwa chupa ni kiima na kibandiko ni kiarifu, gundi inafanya kazi ya kitenzi kishirikishi "ni". Ikiachia, sentensi imevunjika. Watengenezaji wa nyumbani huko Ulaya na Marekani wana gundi moja ambayo humshangaza asiyeizoea, nayo ni maziwa. Mgongo wa karatasi hupakwa maziwa kidogo kwa brashi, karatasi huwekwa chupani, kisha hukandamizwa kwa kitambaa kutoka katikati kuelekea pembeni ili hewa itoke na maziwa ya ziada yafutwe. Protini ya maziwa, iitwayo kaseini, inapokauka huishika karatasi barabara kwenye kioo. Siku chupa inapotakiwa tena, maji ya uvuguvugu huiachisha karatasi pasipo kukwaruza. Uji wa unga wa ngano uliopikwa na kuchujwa hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa ukipakwa mzito huwavuta wadudu. Karatasi zenye gundi tayari ni nyepesi kubandika, lakini nyingi huacha utando mkaidi, na kiarifu cha zamani hukataa kumpisha cha mwaka mpya.

Kabla ya yote hayo chupa huoshwa, hukaushwa na kuachwa ipate joto la chumba, kwa sababu chupa iliyotoka baridini hutoka jasho na kuikataa gundi. Ili vibandiko vyote vikae kwa usawa, chupa hulazwa ndani ya sanduku lenye alama ya kimo, na kila karatasi hupimwa kwa alama hiyo. Wengine hawabandiki mpaka divai iwe tayari kutoka ghalani, kwa kuwa unyevu wa huko huozesha karatasi. Kwa muda wa kungoja huandika kwa chaki au hufunga kipande cha kadi shingoni. Desturi hiyo ni ya busara, ila ina hatari yake: chaki hufutika, na chupa 30 zinazofanana haziwezi kujitambulisha.

4. Lugha ya kibandiko

Mwenye kuandika kibandiko kwa Kiswahili hukutana mara moja na matatizo ambayo sarufi za darasani huyapita haraka. La kwanza ni jina la kinywaji. "Mvinyo" limetoka Kireno, nalo "divai" huhusishwa na Kifaransa. Kwa wasemaji wengi maneno haya ni sawa. Lakini kamusi humpa "mvinyo" pia maana ya kileo kikali kilichokenekwa. Katika mazungumzo mnywaji ataelewa kwa muktadha. Kibandiko hakina muktadha ila chupa, na chupa za vinywaji hivyo viwili zaweza kufanana. Kwa kinywaji kilichochachushwa tu, "divai" ni neno salama zaidi.

Tatizo la pili ni kiunganifu cha "-a", ambacho hubeba mizigo mingi mno. "Divai ya nanasi" hutaja kitu ilichotengenezwa nacho. "Divai ya Bukavu" hutaja mahali. "Divai ya 2019" hutaja wakati. "Divai ya harusi" hutaja shughuli. Na "divai ya Mama Furaha"? Je, ndiye aliyeitengeneza, ndiye mwenye mali, au ndiye anayepelekewa? Sarufi inaruhusu yote matatu. Mwandishi makini hataiacha "-a" ifanye kazi peke yake. Ataandika "imetengenezwa na", au "kwa ajili ya", na wasiwasi utaondoka.

Tatizo la tatu ni kauli ya kutendwa. Vibandiko vingi hutosheka na "Imetengenezwa nyumbani". Kisarufi hakuna kosa. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda asitajwe. Lakini ni nyumba gani? Kila divai ya nyumbani imetengenezwa nyumbani. Mtenda aliyefichwa ndiye hasa anayetafutwa na msomaji, na neno moja, "na", likifuatiwa na jina, humrudisha mahali pake.

5. Chupa isiyo na kiarifu

Msomaji wa Kongo anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, ilhali divai ya zabibu si desturi ya jikoni kwake. Swali ni la haki, na jibu lake liko karibu. Divai ya ndizi, ya nanasi na ya rozela hutengenezwa majumbani katika Afrika ya Mashariki. Katanga nayo ina munkoyo na ina lutuku, pombe kali inayokenekwa kwa mahindi na mihogo. Vinywaji hivyo havikosi watengenezaji hodari, wala havikosi majina. Vinachokosa ni andiko.

Lutuku hutiwa katika chupa iliyokwisha kutumika. Iwapo chupa hiyo haina karatasi, kiima kimesimama bila kiarifu, na yeyote aweza kukikamilisha kwa kubahatisha. Katika nyumba nyingi chupa za namna hiyo hukaa rafu moja na chupa za mafuta ya taa, za dawa ya wadudu na za maji. Mtoto hajui kutofautisha, wala mgeni wa usiku. Na iwapo chupa bado ina karatasi ya kiwanda cha bia, hali ni mbaya zaidi: kiarifu kipo, lakini ni cha kiima kingine. Bia haifikii hata robo ya nguvu ya pombe iliyokenekwa; anayemimina kwa kuiamini karatasi atajuta.

Kibandiko pekee hakiondoi sumu katika kinywaji kilichokenekwa vibaya. Hilo lisemwe wazi. Pia ni wazi kwamba kinywaji kilichokatazwa na sheria hakina hamu ya kumtaja mwenyewe. Lakini kipande cha karatasi, kijiko cha maziwa au cha uji wa unga, na maneno manne ya Kiswahili vingetosha kuitenga chupa ya mafuta ya taa na chupa ya nanasi. Gharama si kikwazo. Kikwazo ni dhana kwamba kilichoandikwa lazima kitoke kiwandani, na kwamba lugha ya chupa ni Kifaransa. Mwenye dhana hiyo, siku atakapoamua kubandika, ataanza na aina ya kwanza: ataandika "Château".

6. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kibandiko cha divai ya nyumbani ni matini fupi yenye sharti moja zito: kuambatana na kitu kinachokisema. Maudhui yake ni ushahidi wa nini, lini, wapi na nani. Fani yake ni ya karatasi, wino na gundi, na kasoro ya fani huivunja sentensi yenyewe. Lugha yake humlazimisha mwandishi kuipima "-a" na kumtaja mtenda.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema pia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema wa methali alisifiwa na wengine. Yule anayejisifu mwenyewe kwa taji na kasri kwenye karatasi yake ameanza kutia maji kabla ya mnywaji wa kwanza. Karani wa Misri hakumsifu mtu. Aliandika mwaka, shamba na jina la mtu aliyefanya kazi, na baada ya miaka zaidi ya 3,000 mitungi yake ingali inajulikana ilikuwa na nini. Chupa nyingi za Kiswahili zinangoja kuandikwa hivyo.